Kabla jino halijatoboka: meno ya watoto wadogo na nafasi tunazozipoteza kliniki

Akifikisha miezi 9, mtoto wa Tanzania hupelekwa kliniki kuchomwa chanjo ya surua na rubela. Akifikisha miezi 18 hurudishwa kwa dozi ya pili. Kila anapokwenda huwekwa kwenye mzani, kadi yake hujazwa, na mama huulizwa habari za maziwa na uji. Mdomo wa mtoto hufunguliwa kwa sekunde chache, tena kwa ajili ya kudondoshewa vitamini A tu. Meno hayaangaliwi. Na kipindi hicho hicho ndicho meno ya mbele ya juu yanapochomoza na magego ya kwanza kufuata. Kwa mtoto ambaye atakuja kulia na jino akiwa na miaka 4, uharibifu mara nyingi huanzia hapo, mbele ya macho ya muuguzi na mzazi, na wote wawili wanatazama mzani.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kuwa watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Katika vituo vingi vya kwetu, tiba ya kwanza ya jino anayoipata mtoto ni kung'olewa, kwa sababu analetwa akiwa tayari na jipu, hajalala siku kadhaa na shavu limevimba. Familia zenye uwezo humpeleka kliniki binafsi mjini akazibwe. Wengine husikia kauli iliyozoeleka: hayo ni meno ya utotoni, yaacheni, yatang'oka yenyewe.

Kauli hiyo ina ukweli kidogo tu. Meno ya mbele huanza kung'oka mtoto akiwa na miaka 6 hivi, lakini magego ya utotoni hutarajiwa kukaa hadi miaka 10 au 12. Gego lililooza kwenye miaka 3 lina miaka saba au zaidi ya kuuma. Usaha wake unaweza kuharibu jino la ukubwani linaloumbwa chini yake, na likitolewa mapema, majirani husogea kuziba pengo, kisha jino la ukubwani linakosa pa kutokea na kuchomoza upande. Kabla ya hayo yote kuna mtoto asiyetafuna nyama wala mahindi, anayekula upande mmoja, asiyeongezeka uzito. Uzito huo tunaupima kila mwezi bila kuuliza meno yake yakoje.

Kwa nini yanaoza? Ukiuliza mtaani utapata majibu mawili: pipi, na kutopiga mswaki. Majibu yote mawili yana nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowafanya wazazi waliojitahidi washangae wanapoambiwa jino limetoboka.

Kinywani mwa kila mtu kuna bakteria wanaojenga makazi yao kwenye ukoga, ule utando mlaini unaoganda juu ya meno. Wakipata sukari huigeuza kuwa asidi ndani ya dakika chache. Asidi ikishusha pH, yaani kipimo cha uchachu, hadi chini ya takriban 5.5, madini ya kalsiamu na fosfeti huanza kutoka kwenye tabaka gumu la nje la jino. Sukari ikiisha, mate huidhibiti asidi hiyo polepole, kwa nusu saa hivi hadi saa nzima, na kulirudishia jino sehemu ya madini yaliyotoka. Kwa hiyo jino hupoteza na kupokea madini kila siku, hata kwa mtu mwenye meno mazuri. Linalooza ni lile linalofanana na duka ambalo kila siku linauza kuliko linavyonunua. Tabaka la nje la jino la utotoni ni jembamba kuliko la jino la ukubwani, ndiyo maana likianza kuharibika halichukui muda mrefu kutoboka.

Kinachoamua zaidi basi ni idadi ya mara ambazo sukari inaingia kinywani kwa siku. Jambo hili lilidhihirishwa kwa njia ya aibu kubwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, katika hospitali ya Vipeholm huko Lund, Sweden, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari kwa mipangilio tofauti bila kuombwa ridhaa. Waliopewa sukari pamoja na mlo, meno yao yaliongezeka kuoza kidogo tu. Waliopewa tofi za kunata kati ya mlo na mlo, yalioza kwa kasi. Tunachowaambia wazazi leo kuhusu vitafunwa vitamu kinatoka kwa sehemu kubwa kwenye meno ya watu wale, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Sasa hesabu siku ya mtoto wa miaka 3 katika nyumba ya kawaida ya Temeke au Kisauni. Chai ya sukari asubuhi. Biskuti saa nne. Uji wa sukari. Pipi aliyonunuliwa ili anyamaze. Barafu ya rangi alasiri, anayoinyonya taratibu kwa dakika 20. Chai tena jioni, na juisi ya paketi akilala. Ni mara saba, na mate hayakupata nafasi hata moja ya kutosha. Mtoto wa jirani anaweza kuwa amekula sukari nyingi zaidi kwa vijiko, lakini yote kwenye milo mitatu, na meno yake yakabaki mazima. Ubuyu wa rangi nauweka peke yake: ni mchachu, una sukari, hugandamana na meno na hunyonywa muda mrefu. Dawa za maji za kikohozi nazo nyingi zina sukari, na mtoto anayezinywa kila mara usiku huhesabiwa humo humo.

Sipendi namna mazungumzo haya yanavyogeuka kuwa lawama kwa mama. Mama anayeuza genge tangu alfajiri, mtoto ubavuni, ana shilingi mia ya kumtuliza, na dukani shilingi mia hununua kitu kitamu. Embe au yai havipatikani kwa bei hiyo, wala havitangazwi ukutani kwa rangi za kuvutia. Tukitaka kumsaidia tumwambie kitu anachoweza kukifanya kesho, kama kukusanya vitu vitamu pamoja na mlo badala ya kuvitawanya kutwa, na kumpa maji matupu mtoto mwenye kiu. Hayo hayaongezi gharama.

Usiku una habari yake. Mtu akilala, mate hupungua sana, na jino hubaki na chochote kilicholigusa mwisho. Chupa ya maziwa yenye sukari, chai au juisi anayolala nayo mtoto mdomoni ndiyo mchawi mkubwa wa meno ya mbele ya juu. Yale ya chini mara nyingi husalimika kwa sababu ulimi huyafunika na tezi za mate zipo karibu, na kwa mpangilio huo mtaalamu hukisia habari ya chupa kabla hajaambiwa. Maziwa ya mama ni jambo jingine. Kunyonyesha katika mwaka wa kwanza hakuhusishwi na kuoza zaidi, na Shirika la Afya Duniani linashauri kuendelea hadi miaka 2 na kuendelea. Kinachoonekana katika tafiti ni kwamba baada ya mwaka mmoja, kunyonya mara nyingi usiku kucha juu ya meno yasiyosafishwa huongeza hatari. Jibu lake ni kumsafisha mtoto meno kabla ya kulala. Kumwachisha ziwa kwa hofu ya meno ni hasara kubwa zaidi.

Dalili ya kwanza haiumi na si shimo. Ni mstari mweupe usiong'aa kwenye jino la mbele la juu, pale linapokutana na ufizi. Hauonekani mtoto akicheka, kwa sababu mdomo umeufunika. Inabidi mtu ainue mdomo wa juu kwa kidole na kutazama, kazi ya sekunde chache kwenye mwanga wa dirisha. Katika hatua hiyo uharibifu bado unaweza kurudi nyuma. Ukigeuka wa kahawia na kuwa laini, nafasi hiyo imepita.

Kinachourudisha nyuma ni floraidi. Madini haya yakiwepo kinywani kwa kiasi kidogo, hulisaidia jino kupokea madini yake upya na kuufanya uso wake uwe mgumu zaidi mbele ya asidi. Ndiyo sababu mswaki mtupu, hata ukisugua vizuri, haufikii kazi ya mswaki wenye dawa. Ndiyo sababu pia mkaa na chumvi si mbadala, kwani mkaa unakwangua jino na vyote viwili havina floraidi ya kulilinda. Mswaki wa mti husafisha vizuri ukitumiwa na mtu anayeujua, lakini kwa mtoto mdogo brashi laini ni rahisi zaidi, na hata mwenye mswaki wa mti anaweza kuupaka dawa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, maana yake serikali inayofuata orodha hiyo ina haki ya kuitazama kama dawa na si kama kipodozi. Kwenye kasha tafuta neno floraidi na namba isiyopungua 1000 ikifuatwa na herufi ppm, yaani sehemu kwa kila milioni. Dawa za watoto zenye picha za katuni wakati mwingine zina chini ya hapo, au hazina kabisa, na ni ghali zaidi. Dawa ya kawaida ya familia inatosha, ila kwa kipimo: kwa mtoto wa chini ya miaka 3, punje moja ya mchele; kutoka miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Anaanza jino la kwanza linapochomoza, mara mbili kwa siku, na ile ya usiku haikosekani. Mtu mzima ndiye anayempigisha mswaki hadi mtoto afike miaka 7 au 8, kwa kuwa mkono wa mtoto hauwezi kufika nyuma hata akijisifu vipi. Akimaliza ateme, asisukutue kwa maji. Kusukutua huondoa kile tulichokileta.

Hapo msomaji wa Arusha au Nakuru ananyanyua mkono, na ana haki. Kwao floraidi ndiyo iliyowapaka meno rangi ya kahawia.

Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huyapa maji floraidi nyingi. Maeneo ya Arusha na Meru, Maji ya Chai likiwa maarufu zaidi, sehemu za Singida na Shinyanga, na upande wa Kenya Nakuru, Njoro na Naivasha, yote yana visima vinavyozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kwa miaka mingi viwango vya Tanzania viliruhusu hadi miligramu 8, kisha 4, kwa sababu kufuata 1.5 kungefunga visima vya watu wasio na kingine. Magadi yanayotumika kulainisha maharage na makande nayo huongeza floraidi kwenye chungu. Kuchemsha maji hakuiondoi, na maji yanapopungua kwa mvuke floraidi iliyobaki huwa nzito zaidi.

Rangi ile huingia jino likiwa bado linaumbwa ndani ya ufizi. Meno ya kahawia ya mtoto wa miaka 9 ni kumbukumbu ya maji aliyokunywa akiwa mchanga, na kupaka chochote leo hakuibadilishi. Sasa tupige hesabu. Punje ya mchele ya dawa yenye ppm 1000 ina takriban miligramu 0.1 ya floraidi. Mtoto akiimeza yote, asubuhi na jioni, ni miligramu 0.2 kwa siku. Nusu lita tu ya maji yenye miligramu 4 kwa lita inampa miligramu 2, mara kumi zaidi. Adui yuko kwenye ndoo. Mzazi wa maeneo hayo anayeacha dawa ya meno ilhali anapikia uji maji ya kisima kile kile amefunga dirisha na kuacha mlango. Afadhali maji ya mvua, au ya chanzo kilichopimwa, yaelekezwe kwanza kwa watoto wadogo, yaani maji ya kunywa na ya uji, hata kama watu wazima wataendelea na kisima. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata mama akinywa maji mabaya, faida nyingine ya kunyonyesha isiyotajwa. Kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia inayofanya kazi ilimradi mtu abadilishe mkaa kwa wakati. Na meno yaliyobadilika rangi hayana kinga dhidi ya kuoza. Yakiwa yameharibika sana uso wake huwa na vishimo na ukoga hukaa humo.

Pwani hali ni kinyume. Maji mengi yana floraidi kidogo, hivyo dawa ya meno ndiyo karibu chanzo pekee, na ni huko mijini ambako vitu vitamu vimejaa kila kona.

Kuna jambo moja linalokaa pembeni ya kuoza lakini siwezi kulipita. Tangu miaka ya 1980 imeenea Tanzania imani ya meno ya plastiki, au ya nailoni: mtoto akiharisha na kupata homa, mtu hutazama ufizi, huona uvimbe mweupe wa chonge inayojiandaa kutoka, na kuuchimbua kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli. Jirani zetu Uganda na Kenya, pamoja na Ethiopia, nao wanayo. Kinachotolewa ni jino la kawaida lisilokomaa. Mtoto hupata damu nyingi, maambukizi, na baadaye chonge ya ukubwani iliyopinda au isiyokuwepo. Kuharisha kwake kunaendelea, kwa sababu kulitoka kwenye maji na chakula. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha pengo lile lile: mdomo wa mtoto mchanga unaangaliwa, ila anayeuangalia si mtu wa kituo cha afya.

Turudi kwa mtoto ambaye jino limeshatoboka. Wengi hudhani bila kiti, umeme, mashine ya kuchimba na sindano ya ganzi hakuna tiba ila koleo. Nchi yetu ilisaidia kulikanusha hilo. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa huduma za jamii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilianza kutumika njia ya kukwangua sehemu laini iliyooza kwa vyombo vya mkono tu, kisha kuziba. Baadaye ilipimwa Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipohusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa dunia. Leo huzibwa kwa saruji maalumu ya meno inayoshikamana na jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Inaweza kufanywa juu ya meza ya darasa.

Njia ya pili ni nyepesi zaidi: tone la kimiminika chenye madini ya fedha na floraidi, cha asilimia 38, linalopakwa kwenye sehemu iliyooza kwa brashi ndogo. Fedha huua bakteria, floraidi huimarisha kilichobaki, na katika meno mengi kuoza husimama. Japani imeitumia tangu miaka ya 1970. Hakuna sindano wala kelele, na tone moja hutosha meno kadhaa. Hasara yake inaonekana kwa macho: sehemu iliyooza hugeuka nyeusi moja kwa moja, na mzazi asiyeambiwa mapema atadhani mtoto ameharibiwa. Aambiwe, aonyeshwe picha, akubali au akatae. Jino linalouma usiku lenyewe au lenye jipu halifai kwa dawa hii. Hilo linahitaji daktari. Dawa hii na saruji ile viliingia orodha ya dawa muhimu mwaka ule ule wa 2021.

Dawa hii hupakwa vizuri zaidi mara mbili kwa mwaka. Vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita, kuanzia miezi 6 hadi miaka 5, pamoja na dawa za minyoo, na Kenya ina wiki zake za Malezi Bora kwa kazi kama hiyo. Ratiba ipo, mtoto yupo, mzazi yupo. Muuguzi anaweza kufundishwa kuinua mdomo, kuutambua mstari mweupe, kumpa mama maelekezo ya punje ya mchele na kumwandikia rufaa mwenye shimo. Je, nani aruhusiwe kupaka dawa yenyewe, muuguzi au tabibu wa kinywa na meno peke yake? Hilo ni la miongozo ya wizara, na hofu ya kumwongezea muuguzi aliyelemewa kazi nyingine ni ya kweli. Lakini ukilinganisha na kungojea idadi ya madaktari wa meno ifikie vijiji vyote, naona ni mjadala unaostahili kufanywa sasa.

Shule za awali ni uwanja wa pili. Scotland iliamua watoto wa chekechea wapige mswaki kila siku darasani wakisimamiwa. Mwaka 2003 watoto wanaoanza shule wasio na kuoza kunakoonekana walikuwa chini ya nusu; kufikia 2020 walizidi saba kati ya kumi, ingawa mswaki haukuwa hatua pekee. Hapa pingamizi la kwanza huwa maji. Kumbe mtoto asiyesukutua hahitaji hata kikombe kizima: anatema, brashi inasuuzwa, inatundikwa kwenye tundu lake lenye jina lake. Mwalimu ndiye anayepaka dawa, ili kipimo kisizidi.

Na kwenye umri huo huo, miaka 6 hivi, kuna gego la ukubwani linalotokea nyuma kabisa ya magego ya utotoni bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hulichukulia kuwa la utotoni na kuliacha, kumbe ndilo la maisha. Juu yake lina mifereji myembamba inayoshika chakula, na inaweza kuzibwa kwa saruji ile ile kabla ya kuoza. Pasipokuwa na huduma hiyo, anayempigisha mtoto mswaki aiingize brashi kutoka pembeni ya shavu, maana gego hilo kwa miezi mingi huwa fupi kuliko jirani yake, na brashi inayopita juu kwa juu hailigusi.